Gari linajiendesha lenyewe, msala anabeba nani?

Watu wakijua nashughulika na sheria za teknolojia swali la kwanza ni lile lile, mbona sheria ziko nyuma kila siku? Mi naona hilo wala sio tatizo kubwa, sheria mpya inaweza kutungwa, ishu ni kumpata mwenye kosa wakati kitu kimepitia mikono ya watu kibao.

Chukua ajali ya Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga mwanamke anavuka barabara usiku huku anakokota baiskeli, akafariki. Wachunguzi wa Marekani walipofungua data wakakuta sensa za gari, yani vifaa vya kuhisi vitu barabarani, zilimuona sekunde 5.6 kabla, lakini programu ikawa inababaika, mara ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ikibadilisha inaanza upya kukisia anaelekea wapi. Yani haikutegemea kabisa kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na zebra! Na breki za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa zisigongane na mfumo wa kampuni.

Aliyeshtakiwa sasa? Dereva wa akiba, yule anayekaa kwenye gari ili ashike usukani mambo yakiharibika, ambaye kweli alikuwa anaangalia kipindi kwenye simu, simtetei hapo. 2019 mwendesha mashtaka akasema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kijinai, 2020 dereva akafunguliwa kesi, 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya jela. Walioamua kuzima breki, hakuna kitu. Jinai imezoea kutafuta nia au uzembe wa mtu, na hapa uzembe umekatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja ukikisoma peke yake ni uamuzi wa kawaida tu wa ofisini.

Uingereza 2024 wamepitisha sheria ninayoipenda: mfumo wa kujiendesha ukiwa umewashwa, kampuni yenye kibali ndo inajibu kwa uendeshaji, aliyekaa kwenye kiti ana kinga. Ila gari likimwambia ashike usukani anapewa muda wa mpito, ukiisha na kinga imeisha. Huo muda unapangwa kwenye kibali cha gari, na naona kesi ngumu zitatokea hapo, maana mtu ambaye akili yake ilikuwa mbali kihalali anahitaji sekunde ngapi kuielewa barabara, hilo wanasaikolojia watujibu kwanza kabla hatujaenda kubishana mahakamani.