Chumba cha wavuta sigara hakizuii moshi

Ninaposhauri kuhusu hewa katika jengo la klabu au chama linalotumiwa na watu wengi, ombi huwa lilelile: wanachama wanaovuta sigara watengewe chumba ndani, kiwekwe feni kubwa, mambo yaishe. Huwa nakataa.

Moshi wa sigara ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikromita 1. Feni inaweza kuutoa mwingi, lakini kila mlango unapofunguliwa, anayetoka huburuta hewa ya chumba nyuma yake. Moshi hupenya pia juu ya dari, kwenye matundu ya nyaya na kwenye shimo la lifti. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, chumba cha chini huweza kutia harufu ofisi za ghorofa za juu. Vichujio vya kawaida vya viyoyozi hunasa vumbi, gesi zikapita. Na hata chumba kingezibwa barabara, yupo atakayeingia kufagia na kumwaga majivu. Mwanachama amechagua kuvuta, mfagiaji hakuchagua. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba hii ni haki ya wanachama.

Mwaka 2007, nchi wanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku zilipitisha mwongozo wa kifungu cha 8. Unasema wazi kwamba moshi wa mtu mwingine hauna kiwango kilicho salama, na kwamba feni, vichujio na vyumba maalumu havitoshi kuwa kinga.

Basi waende nje, lakini nje iliyopangwa. Mara nyingi sanduku la majivu huwekwa ubavuni mwa mlango mkuu, kila anayeingia akapita katikati ya moshi. Kabla ya kuchagua mahali, zunguka jengo uangalie hewa inaingilia wapi. Madirisha kila mtu huyaona. Kinachosahaulika ni tundu linalovuta hewa safi ya viyoyozi. Ukiweka benchi chini yake, umesambaza moshi jengo zima. Sheria ya jimbo la Washington, Marekani, hudai futi 25, yaani takriban meta 7.5, kutoka milango, madirisha na matundu hayo. Mimi hupenda zaidi ya hapo, tena upande ambako upepo unatoka jengoni kwenda nje.

Mahali penyewe pawe pa heshima: paa lisilo na kuta, benchi, taa, njia ya kiti cha magurudumu. Ukiwaacha watu kwenye mvua, watavutia kwenye ngazi za dharura. Chombo cha vipisi kiwe cha chuma, mbali na mapipa ya karatasi na vyungu vya maua, kwani mboji kavu hufuka moto chinichini kwa saa nyingi kabla ya kuwaka. Sigara za kielektroniki nazo zivutiwe hukohuko.

Eneo hilo liwe la wote, wakiwemo wageni na wafanyakazi. Likiwa la wanachama peke yao, wapishi na walinzi watavutia nyuma ya ghala, karibu na dirisha la mtu.