Umbali wa kukimbia ni nini, na unahusiana vipi na picha yako ya swala

Ukipita Mikumi kwa basi, kwenye ile barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inayokata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, utawaona swala pala wakila majani hatua chache tu kutoka kwenye lami. Malori yanapita yakinguruma, mabasi yanapiga honi, wao wanatafuna. Sasa gari moja lipunguze mwendo, lisimame. Vichwa vinainuka. Mtu afungue mlango, ateremshe mguu mmoja (jambo lisiloruhusiwa pale): kundi zima limeshatimka, na aliyetaka picha kabaki na makalio yenye mistari myeusi.

Mstari aliouvuka unaitwa umbali wa kukimbia. Ni nafasi ambayo mnyama anataka iwepo kati yake na kile anachokihofia. Ikipungua tu, anaondoka. Aliyeieleza dhana hii kwa kina ni Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich katika karne ya 20. Hediger alieleza pia kwamba ndani ya duara hilo kuna la pili, dogo zaidi. Mnyama aliyekosa pa kukimbilia, ukimfikia hapo, hakimbii tena: anakujia. Wafunza simba wa sarakasi waliishi kwa kulijua duara hilo. Mtu anaingia hatua moja ndani, simba anamjia. Anarudi hatua moja nyuma, simba anasimama, na anasimama juu ya kigoda kilichowekwa makusudi kati yao. Watu wanapiga makofi wakidhani simba katii.

Umbali huu haulingani kwa wanyama wote, wala kwa wanyama wa aina moja. Simba wa Ngorongoro anaweza kuja kulala kwenye kivuli cha gari lenu. Pofu, yule swala mkubwa, pamoja na ukubwa wake wote, anaweza kuanza kuondoka gari likiwa bado mita mia kadhaa. Kikubwa ni alichojifunza mnyama, au alichojifunza mama yake. Swala wa Mikumi wamejua kwamba kinachonguruma na kupita hakina neno. Kinachosimama kina lake jambo, na kiumbe wa miguu miwili ni habari mbaya tangu enzi za mababu.

Tembo ndio wanaopima kwa umakini wa kushangaza. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, kule Kenya, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya jaribio rahisi: waliwawekea tembo nguo zilizovaliwa na mwanamume wa Kimaasai, na nyingine zilizovaliwa na Mkamba. Harufu ya nguo za Mmaasai iliwafanya wakimbie kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi, kwa sababu morani huwachoma tembo mikuki mara nyingine, ilhali Wakamba wa eneo lile ni wakulima wasiowasumbua sana. Kwa hiyo mtu anapouliza “tembo unamsogelea mpaka wapi?”, jibu la haki ni swali: tembo yupi, wa wapi, na nani amempitia kabla yako?

Sasa kamera. Wengi wanaamini picha nzuri inaanzia kwa dereva kusogea, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Piga hesabu. Kanuni za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, zinataka gari likae mita 20 kutoka kwa mnyama, na magari yasizidi matano. Kwenye mita hizo 20, lenzi ya milimita 400 kwenye kamera yenye kihisi (kile kipande kinachopokea picha) cha upana wa milimita 36 inaona eneo la mita 1.8 tu. Simba dume aliyesimama ubavu hatoshi humo, utalazimika kuchagua: kichwa au mkia. Simu nayo, kwa lenzi yake ya kawaida, kutoka palepale inaona upana wa karibu mita 28, na simba anakuwa kama punje ya maharage kwenye sinia. Ndiyo maana kelele za “sogea, sogea kidogo, dereva” mara nyingi hutoka kwa mwenye simu. Ukikodi lenzi kwa siku tatu, umempunguzia dereva lawama nyingi.

Hata ukiruhusiwa kusogea, mnyama hutoa taarifa kabla ya kukimbia. Kwanza anaacha kula. Twiga anasimamisha taya katikati ya kutafuna na kukukazia macho. Nyati anainua pua juu, anakuangalia kama mtu anayekudai. Tembo anatandaza masikio, anatikisa kichwa, au anabembeza mguu mmoja wa mbele kama anayefikiria. Ukiona hayo umeshafika ukingoni: zima injini, kaa, subiri. Akirudi kula, sasa piga, na hata picha itatulia kwa sababu gari halitetemeki. Picha ya mnyama aliyekukodolea macho masikio wima ni picha ya hofu yake kwako, na ukizitazama baadaye nyumbani utagundua zote zinafanana.

Kuna wanyama wasiokimbia, na hao ndio wanaodanganya. Duma akiwa na watoto anaweza kukaa katikati ya magari kumi bila kuinuka. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha takwimu za Maasai Mara: kwenye maeneo yenye watalii wengi, duma jike alikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzazi hadi kujitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, 2.3. Mama hakukimbia, lakini gharama aliilipa.

Sokwe wakubwa (gorila) wa Bwindi, Uganda, ni kesi nyingine. Kuwazoesha watu huchukua miaka, na wakishazoea umbali wa kukimbia unakaribia kuisha, kwa hiyo unawekwa na binadamu: zamani mita 7, tangu korona Uganda ikasema 10, wasije wakaambukizwa mafua yetu.

Na kuna duma wachache wa Mara ambao duara lao limefutika kabisa. Wanaruka juu ya gari, wanaligeuza kichuguu cha kuangalizia swala tomi. Ndani ya gari kila mtu anashika kamera yake, na wenye lenzi ndefu wanahangaika: zile lenzi haziwezi kulenga kitu kilicho umbali wa kunyoosha mkono. Anayepata picha siku hiyo ni yule mwenye simu.