Dalili zikipungua, tushughulikie nini?

Asubuhi moja mama mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo aliingia ofisini kwangu, akaketi ukingoni mwa kiti, akapakata mkoba wake kama mtu asiyekusudia kukaa, kisha akasema: “Daktari, leo kwa kweli sina la kukueleza. Nalala, nakula, dukani naenda.” (Mambo yake nimeyabadilisha asitambulike, naye ameridhia niyaandike.) Miezi minne kabla ya hapo, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ilikuwa imemfikisha mahali ambapo kufungua kufuli la duka tu kulimliza.

Kikao cha namna hii hukifikia karibu kila mteja anayepata nafuu, na kwa uzoefu wangu ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko kile cha kwanza. Mtu anapokuja akiwa hoi, la kufanya linajulikana: tunamrejeshea usingizi, tunamrudisha kidogo kidogo kwenye shughuli alizoziacha, tunayapima mawazo yanayomkandamiza. Mzigo ukishapungua, mteja huona amemaliza, na mtaalamu naye huingiwa na kishawishi cha kutafuta jambo zito la kuijaza saa iliyobaki. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimsukuma kijana mmoja, aliyekuwa ameanza kucheka tena, azungumzie kifo cha mama yake kabla hajaomba kufanya hivyo. Hakurudi, na hadi leo naamini kosa lilikuwa langu.

Siku ile mezani palikuwa na nakala mbili za dodoso la PHQ-9 la kupima ukali wa sonona, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo kila swali lake hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea hutufanya tumchunguze mtu kwa makini zaidi, na chini ya 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni utulivu. Yeye alianza na 17 na sasa alikuwa na 6. Angetazama jumla peke yake, mtu angempongeza na kumuaga. Lakini zile 6 zilikuwa zimekaa mahali patatu tu: usingizi 2, uchovu 2, na swali la sita, linalouliza kama unajiona umeshindwa au umeiangusha familia yako, 2. Katika dodoso hili alama 2 maana yake ni zaidi ya nusu ya siku.

Mabaki kama haya si vumbi la kupuuzwa. Mwaka 1995 Eugene Paykel na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa sonona waliokuwa wamepata nafuu, asilimia 76 ya wale waliobakiwa na dalili walirudiwa na ugonjwa, ilhali kwa wasiobakiwa na dalili ilikuwa asilimia 25. Miaka mitatu baadaye Giovanni Fava na wenzake nchini Italia walichapisha utafiti wa watu 40 waliokuwa wakirudiwa na sonona mara kwa mara na ambao dawa zilikuwa zimewasaidia. Waliopewa tiba ya fikra na tabia iliyolenga yale mabaki, asilimia 25 yao walirudiwa katika miaka miwili, na wale waliopata ufuatiliaji wa kawaida, asilimia 80. Tafiti hizi ni ndogo, lakini zilinibadilisha namna ya kutazama alama 6.

Tukiwa tunazungumza, simu ilitetema ndani ya mkoba. Aliuminya mkoba kwa mikono yote miwili mpaka simu ikatulia, kisha akaendelea kuniambia kwamba yuko sawa. Nilimuuliza ni nani. “Ni mama, wa nyumbani.” Nikamuuliza swali ninaloliamini kuliko yote katika hatua hii: jambo gani, likitokea wiki ijayo, linaweza kumrudisha pale alipokuwa miezi minne iliyopita? Hakufikiri hata kidogo. “Mama akipiga kusema ada ya mdogo wangu haijalipwa.” Ndipo ikafahamika kwamba alikuwa akikopa kwenye kikoba ili atume nyumbani, na kwamba ule usingizi aliosema umerudi hukatika saa tisa usiku, akaanza kupiga hesabu za marejesho ya Jumamosi.

Yeye mwenyewe alipendekeza tuzungumzie baba yake, aliyewaacha wakiwa wadogo, kwa sababu amesikia kwamba matatizo yote huanzia utotoni. Lilikuwa jambo la kweli na lenye uchungu, nami sikulipuuza. Nililiandika mbele yake, nikamweleza kwa nini ningependa tuanze na simu. Kidonda cha baba hakikuwa kikimwamsha usiku kwa wakati ule, na simu ilikuwa ikimwamsha. Tukakubaliana, na makubaliano hayo nayahesabu kuwa sehemu ya tiba.

Sikumfundisha kukataa kusaidia, kwa kuwa katika familia zetu kuwasaidia wa nyumbani ni sehemu ya kuwa mtu, na ushauri unaompuuzia mteja jambo hilo humwongezea aibu. Tulichofanyia kazi ni kuusema ukweli wa uwezo wake. Tuliandika mapato ya duka na marejesho ya kikoba, kisha tukaweka simu iliyozimwa mezani, akajizoeza: “Shikamoo mama. Mwezi huu nina laki moja na nusu. Iliyobaki naomba tukae na kaka tuitafute.” Mara ya kwanza alianza kwa kuomba msamaha, na mara ya pili vilevile. Kufikia mara ya saba sauti yake ilikuwa imetulia.

Kwa wanaotumia dawa, hatua hii ina hatari yake, kwa kuwa nafuu huwashawishi kuziacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za sonona ziendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha au kubaki kidogo sana, na kuziacha kufanywe pamoja na daktari. Pia najua kwamba nauli na foleni ya kutoka Mbagala au Kimara humfanya mtu ajiulize kama kikao kingine kina faida. Ikiwa fedha inatosha vikao vitatu tu, naomba kimoja kitumike kuandika dalili zake za mwanzo kabisa za ugonjwa kurudi, pamoja na jina la mtu wa karibu atakayeziona kabla yake.

Mama wa vitenge sasa huja mara moja kwa mwezi. Swali la sita limeshuka hadi 1, na kaka yake huchangia ada, ingawa kwa manung’uniko. Katika kikao kilichopita aliomba mwenyewe tuanze habari ya baba, na tumepanga kuanza baada ya msimu wa sikukuu, dukani kutakapotulia.