Modeli ya lugha inaonaje picha? Hesabu ya kichanja cha dagaa

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akipiga picha ya kichanja chake na kuituma kwenye programu ya akili mnemba akiuliza "Humu mna dagaa wangapi?", atajibiwa papo hapo, kwa Kiswahili kilichonyooka, na namba atapewa. Asiitumie namba hiyo kwa lolote. Ukijua picha inavyomfikia anayejibu, utaelewa kwa nini.

Programu ya aina hiyo huendeshwa na modeli ya njia nyingi, yaani modeli kubwa ya lugha iliyounganishwa na kisimbaji cha picha, yaani sehemu inayoigeuza picha kuwa namba, ili ipokee picha na maneno kwa pamoja. Isichanganywe na uoni wa kompyuta kwa jumla, fani pana na kongwe zaidi ya kuifundisha mashine kutambua vilivyomo pichani. Kwa miaka mingi fani hiyo ilitegemea lebo. Mashindano ya kutambua picha ya ImageNet, ambayo modeli iitwayo AlexNet ilishinda mwaka 2012, yalikuwa na makundi 1,000, na mashine ilichagua mojawapo. Ukiifundisha sato na sangara peke yao, kisha ukaionyesha furu, itasema sato au sangara. Neno la tatu haina. Modeli ya njia nyingi inaweza kusema lolote linalosemeka. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na balaa lake pia.

Tuchukue modeli moja ya njia nyingi, LLaVA 1.5, ya mwaka 2023, kwa kuwa imewekwa wazi na vipimo vyake vinajulikana. Picha huongezewa pambizo ili iwe mraba, kisha hupunguzwa hadi pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 336 kwa 336. Baada ya hapo hukatwa vigae vya pikseli 14 kwa 14: 24 kwa upana, 24 kwa kimo, jumla 576. Kigae kimoja kina pikseli 196, na kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Kwa hiyo kigae ni namba 588 tu. Kisimbaji huvipitisha vigae vyote kwenye tabaka nyingi ambamo kila kimoja hupokea habari kutoka kwa vingine, na kila kigae hutoka kikiwa mfuatano wa namba 1,024. Utaratibu huu wa vigae ulishika kasi baada ya makala ya watafiti wa Google ya mwaka 2020. Wao walikata 16 kwa 16.

Kati ya kisimbaji na modeli ya lugha kuna kiunganishi, sehemu ndogo kuliko zote, chenye kazi ya kuzigeuza namba hizo ziwe na umbo lile lile la tokeni za maneno, yaani vipande ambavyo modeli ya lugha husoma. Modeli ya lugha hupewa tokeni 576 za picha, kisha swali lako, na huanza kutabiri neno baada ya neno. Picha yenyewe hairudii kuitazama: ilichokosa kwenye vigae, imekikosa.

Sasa turudi kichanjani. Tuseme picha imechukua upana wa mita 2. Gawa kwa vigae 24: kila kigae kinabeba sentimita 8.3. Dagaa ana urefu wa sentimita 5 hivi, na hatandazwi mmoja mmoja kama shanga. Kigae kimoja kinabeba lundo. Kwenye picha ya awali, yenye upana wa pikseli 4,000, kila dagaa alikuwa na pikseli 100, jicho na mkia vikionekana. Baada ya kupunguzwa amebaki na 8. Na kama simu ilipiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, robo ya vigae imeishia kwenye pambizo tupu.

Basi namba ile imetoka wapi? Imetoka kwenye mazoea ya sentensi: swali la "wangapi" hufuatwa na namba.

Modeli zilizofuata huongeza vigae. LLaVA-NeXT ya mwaka 2024 inaweza kuikata picha sehemu nne na kuongeza picha nzima juu yake, yaani 576 mara 5, tokeni 2,880. Gharama yake ni muda na kumbukumbu, na bado kigae kinafunika sentimita 4 za kichanja. Kuhesabu vitu vilivyosongamana kuna zana zake, zinazokadiria msongamano. Tena, sokoni nani anahesabu dagaa? Wanapimwa kwa kisado na ndoo.

Kasoro nyingine haitokani na ukubwa wa vigae. Kisimbaji cha LLaVA kilitoka CLIP, modeli ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2021, iliyofundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo kutoka intaneti. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha na maelezo yake. Maelezo ya mtandaoni husema kuna nini pichani, mara chache husema kipo kushoto au kulia, au ni vingapi. Ndiyo maana modeli inaujua mtumbwi lakini inayumba ukiuliza upo upande gani wa jiwe. Vilevile, maji yanayofika upeo wa macho huandikwa "bahari" mara nyingi kuliko "ziwa", kwa hiyo usishangae Ziwa Nyanza (Victoria) likiitwa bahari.

Zaidi ya hapo kuna uzushi: modeli inataja wavu ambao haumo, kwa sababu mtumbwi na wavu huandamana katika maandishi. Jaribio la POPE la mwaka 2023 lilionyesha modeli nyingi hupenda kujibu "ndiyo" zikiulizwa kama kitu fulani kimo pichani. Kwa hiyo usiulize "Je, wavu umechanika?" kabla ya kuiambia itaje inachokiona. Ongeza na swali la mtego, kuhusu kitu unachojua hakimo.

Ukitaka ikusomee mizani ya mshale, sogea hadi uso wa mizani ujaze picha, piga ukiwa umeikabili, zuia mng'ao wa jua, na uulize kwanza mshale upo kati ya namba zipi mbili. Risiti yenye mistari 40 ikiingia nzima kwenye pikseli 336, kila mstari unapata pikseli 8. Ikate vipande vinne, utume kimoja kimoja. Saa ya ukutani ni mtihani wa namna yake: hata modeli ikiusoma mshale mfupi sawasawa kwenye 8, ikifikiri kwa Kiingereza itakuandikia "saa nane", wakati wewe unayesubiri kivuko asubuhi unajua ni saa mbili.