Pawa fakta: kipimo kinachoamua risasi laini ni ipi

Kwenye uwanja wa shabaha utasikia wapigaji wakisema risasi fulani ni laini na nyingine inapiga teke. Anayeshindana kwa bastola anatafuta ile laini, na sababu yake haina siri: bastola isiyoruka sana inarudi kwenye shabaha mapema, na risasi ya pili inatoka kabla ya mwenzako kumaliza kulenga. Kama mambo yangeishia hapo, kila mtu angetumia baruti kidogo kadiri inavyowezekana, na ushindi ungekuwa wa mwenye risasi dhaifu kuliko wote. Kinachozuia hilo ni pawa fakta.

Pawa fakta ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanya kwa 1,000. Greni moja ni takribani gramu 0.065. Chukua kichwa cha greni 124 cha milimita 9 kinachotoka kwa futi 1,020 kwa sekunde: ukizidisha unapata 126,480, ukigawanya ni 126.48. Hiyo namba moja ndiyo inayoamua kama alama zako zitahesabiwa au hapana.

Wazo hili limetoka kwenye mchezo wa IPSC, shirikisho la kimataifa la kushindana kwa kulenga shabaha haraka, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yanayotaja usahihi, nguvu na kasi. Waanzilishi walitaka vitu hivyo vitatu vibebane, asiwepo mtu wa kununua kasi kwa kuitupa nguvu. Kwa hiyo wakaweka sakafu. Katika IPSC, bastola lazima ifikishe 125 ili alama zihesabiwe, na hiyo ndiyo nguvu ndogo. Bastola zinagawanywa kwa madaraja kulingana na aina yake, na nguvu kubwa inaanzia 160 kwa daraja la Open na 170 kwa daraja la Standard. Daraja la Production halina nguvu kubwa. Wote wanahesabiwa kwa nguvu ndogo. Wamarekani wa USPSA, chama cha mchezo huu kwao, wameweka nguvu kubwa kwenye 165, na IDPA, chama kingine cha bastola kilichoanzishwa mwaka 1996, nayo ina sakafu zake kulingana na daraja.

Anayevuka nguvu kubwa analipwa kwenye ubao wa alama. Ukipiga kanda A, ile ya katikati ya shabaha, wote mnapata 5. Ukitoka nje kidogo ukaangukia C, mwenye nguvu kubwa anapata 4 na mwenye nguvu ndogo 3. Kwenye D, iliyo nje zaidi, ni 2 kwa 1. Jumla ya alama inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ndiyo maana mpigaji hodari anayeweka risasi zake nyingi ndani ya A anaweza kuridhika na nguvu ndogo na teke lake dogo, ilhali anayetawanya risasi anaumia zaidi.

Sasa turudi kwenye ulaini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ikiwa sote tunalenga 126 hivi, iweje risasi moja iwe laini kuliko nyingine? Kichwa cha greni 115 kwa futi 1,100 kinatoa 126.5. Cha greni 124 kwa futi 1,020 ni 126.48. Cha greni 147 kwa futi 860 nacho ni 126.42. Kwa mujibu wa kipimo hizi ni risasi sawa. Mkononi si sawa, na kila aliyezipiga kwa zamu moja baada ya nyingine atakuambia.

Sababu kubwa ni kwamba kipimo kinahesabu kichwa peke yake, lakini mtutuni hakitoki kichwa tu. Baruti iliyoungua inageuka gesi, na gesi hiyo ina uzito uleule wa baruti iliyotiwa, tena inatoka kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Nayo inaisukuma bastola nyuma. Ili kichwa chepesi kifikie futi 1,100 kinahitaji baruti zaidi kuliko kichwa kizito kinachotakiwa kwenda futi 860 tu. Kwa hiyo yule wa greni 115 anapokea teke la kichwa pamoja na teke la gesi nyingi, na wa greni 147 anapokea teke lilelile la kichwa na gesi kidogo. Tofauti si kubwa kwenye karatasi, lakini mkono unaikamata. Wapigaji wanasema nzito inasukuma bega na nyepesi inazaba kofi, na maelezo hayo ni ya kweli kabisa.

Uzito wa bastola una kauli kubwa zaidi kuliko uchaguzi wa kichwa, na hili watu hawalipi heshima inayostahili. Pawa fakta ya 125, ukiigeuza kwa vipimo vya kawaida, ni msukumo wa takribani 2.47 kilogramu-mita kwa sekunde. Glock 17 ikiwa na magazini tupu ina uzito wa karibu gramu 705. Gawanya, ukiacha gesi kando, na bastola inataka kurudi nyuma kwa mita 3.5 kwa sekunde, ikibeba nishati ya juli 4.3 hivi. CZ Shadow 2 ina gramu 1,330. Kwa risasi ileile inarudi kwa mita 1.9 kwa sekunde, na nishati inashuka hadi juli 2.3. Karibu nusu, bila kugusa hata chembe ya baruti. Kwa hiyo mtu anapokusifia risasi yake kwamba ni laini ajabu, muulize kwanza anaipiga kwa bastola gani.

Kuna daraja ambalo hesabu hii inageuka kabisa. Bastola za Open zina kompenseta mdomoni mwa mtutu, yaani chuma chenye matundu yanayopeleka gesi juu ili mdomo wa bastola usiinuke. Kompenseta bila gesi ni uzito wa bure. Kwa hiyo wapigaji hao wanafanya kinyume: kichwa chepesi, baruti nyingi inayoungua polepole, gesi tele. Mlio unapasua masikio, lakini nukta nyekundu ya kulengea inabaki karibu palepale. Ukichukua ushauri wa mtu wa Open ukaupeleka kwenye bastola ya kawaida, utapata kelele na teke, basi.

Risasi laini kupita kiasi nayo ina adhabu yake. Slaidi ya bastola, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga, inaendeshwa na teke hilohilo. Likipungua mno, slaidi hairudi hadi mwisho, ganda linakwama mlangoni na saa inaendelea kuhesabu. Wapo wanaolegeza springi ili slaidi iende, na inasaidia, lakini springi laini inaweza kushindwa kusukuma risasi mpya chemba vizuri, hasa bastola ikiwa chafu. Pia kuna slaidi zinazojivuta: zinarudi pole, zinafunga pole, na mpigaji mwenye mkono mwepesi anajikuta anasubiri bastola badala ya bastola kumsubiri yeye. Kwa maoni yangu risasi bora ya mashindano si ile inayouma kidogo kuliko zote. Ni ile ambayo alama ya kulengea inapanda na kushuka mahali palepale kila mara, hata kama inapanda kidogo zaidi. Mkono unajifunza mwendo unaojirudia. Mwendo unaobadilika hauufundishi kitu.

Njia ya kuijua ni saa na karatasi, si hisia. Weka shabaha mita 10, piga jozi za risasi mbilimbili kwa kila aina, angalia taima inasema nini kati ya risasi ya kwanza na ya pili, kisha tazama matundu. Mara nyingi risasi uliyoiona laini mkononi ndiyo iliyotawanya tundu la pili.

Siku ya mashindano kipimo chenyewe kinafanyika mezani, kwenye mashine ya kupima kasi. Maofisa wanachukua risasi 8 za mpigaji bila yeye kuzichagua. Moja inavunjwa, kichwa kinachomolewa na kuwekwa kwenye mizani. Tatu zinapigwa juu ya mashine kwa bastola ya mpigaji mwenyewe, na wastani wa kasi unazidishwa na ule uzito. Tuseme kichwa ni greni 147 na kasi ni 848, 861 na 855. Wastani ni 854.7, jibu 125.6, umepita. Tuseme wastani umekuwa 846: jibu ni 124.36, hujapita. Hapo zinapigwa nyingine tatu, na zinachukuliwa tatu zenye kasi kubwa kati ya sita. Ikishindikana, mpigaji anachagua risasi ya mwisho ipimwe uzito au ipigwe. Hakuna kukadiria kwa huruma: kanuni za IPSC zinasema wazi kwamba 124.9999 si 125. Aliye chini ya sakafu anaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini bila alama.

Kwa sababu hiyo mwenye busara hajipangi kwenye 125. Anaweka akiba, 128 au 130, kwa kuwa kasi haikai mahali pamoja. Baruti nyingi hubadilika na joto, na siku ya joto ya Mombasa si asubuhi ya baridi ya Kabale. Mtutu mfupi unatoa kasi ndogo kuliko mrefu kwa risasi ileile, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi inaweza kuwa kweli kwa mtutu wa maabara na isiwe kweli kwa wako.

Nchini kwetu Uganda jambo hili lina sura yake. Wamarekani wengi wanaoshindana wanajipakia risasi wenyewe: wanaokota maganda, wanabadilisha fataki inayowasha baruti, wanapima baruti, wanaweka kichwa wanachotaka. Hiyo ndiyo inayowapa uhuru wa kuchonga teke hadi liwakae mkononi. Hapa, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka kibali kwa bunduki na kwa risasi, na kutengeneza risasi si kazi ya mtu nyumbani kwake. Risasi za kijeshi zinatoka kiwanda cha Luwero Industries kule Nakasongola, chini ya shirika la NEC la jeshi. Mwenye kibali anayepiga kwa mchezo, au askari anayejiandaa kwa shabaha ya michezo ya polisi wa ukanda huu, anachagua kati ya maboksi ya kiwandani, hachanganyi baruti.

Na hata wanaojipakia kihalali kwingineko wanajua kwamba risasi laini ndizo zenye hatari iliyojificha. Baruti kidogo haijazi ganda, hivyo ukijisahau ukaitia mara mbili ganda linaikubali bila dalili, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Ukisahau kuitia kabisa, fataki peke yake inasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo. Risasi inayofuata inagonga kizuizi. Kwa hiyo ukisikia mlio hafifu, au teke lisilo la kawaida, acha kupiga papo hapo, elekeza mdomo mahali salama, mwite afande wa uwanja, na mtutu ukaguliwe kabla ya kitu kingine chochote. Hili linahusu risasi za kiwandani pia.

Kwenye boksi la kiwandani pawa fakta unaihesabu mwenyewe papo hapo dukani. Soma uzito wa kichwa, soma kasi, zidisha. Boksi la greni 115 kwa futi 1,150 linatoa 132.25. Risasi za milimita 9 zilizotengenezwa kwa jeshi, zenye greni 124 na kasi ya futi 1,200, zinafika 148.8: zinavuka sakafu kwa mbali, na kila namba iliyo juu ya 130 ni teke unalolibeba bila kulipwa alama hata moja, kwa kuwa nguvu kubwa bado iko mbali. Boksi la greni 147 kwa futi 900 linakupa 132.3 na gesi kidogo, na hilo ndilo ningemshauri anayeanza atafute, likipatikana.

Michezo isiyo na sakafu ni habari nyingine. Steel Challenge, mchezo wa kupiga sahani za chuma, haipimi pawa fakta, na bastola ya mita 25 ya Olimpiki inapiga risasi ndogo ya milimita 5.6, ambayo teke lake halimsumbui hata kijana wa shule. Huko unaweza kwenda laini kadiri bastola inavyokubali kufanya kazi.

Ukishapata boksi linalokufaa, tazama namba ya toleo iliyopigwa kwenye karatasi yake, na ununue za kutosha za toleo hilohilo kwa mazoezi na kwa mashindano. Toleo jingine la kampuni ileile, lenye jina lilelile na picha ileile, linaweza kuja na baruti nyingine, na mashine ya kasi itaitambua tofauti hiyo kabla yako.