Je, wajua kwa nini kompyuta mpya hujizima ovyo?

"Mjomba, imekufa tena." Ujumbe huo niliupata mara tatu ndani ya wiki moja. Kompyuta tuliyoiunga wenyewe mezani, mimi na mpwa wangu, kila kipuri kikitoka kwenye boksi lake, Jumatatu ilijiwasha upya akiwa anaandika barua. Jumatano ikaleta skrini ya bluu katikati ya gemu. Ijumaa ikaganda tu, wala hakuna aliyeigusa. Tukapiga Windows upya, wapi! Kijana akaanza kusema imelogwa.

Mimi huo uovyo wenyewe ndio ulionipa fununu. Kifaa kikifa moja kwa moja huwa kinakosea mahali pale pale: kadi ya picha ikienda, huoni picha, basi. Dalili zikibadilika sura kila siku, wa kwanza kumshuku ni RAM, vile vipande ambamo mashine huhifadhi kwa muda inachokifanyia kazi.

RAM ya GB 16 ina biti, yaani vile 0 na 1 vya kompyuta, zipatazo bilioni 137. Kila biti ni chaji ndogo ya umeme iliyohifadhiwa kwenye kichombo kinachovuja, na kwa DDR4 ya kawaida, aina mojawapo ya RAM, kila kimoja lazima kijazwe tena ndani ya milisekunde 64, vinginevyo kinasahau kilichoambiwa. Sasa biti moja ikigeuka, madhara yanategemea imeangukia wapi. Ikiwa ndani ya picha, labda utaona nukta ya rangi ya ajabu, labda usione kitu. Ikiwa kwenye kiini cha Windows, chali. Na kwa kuwa programu hupangiwa nafasi tofauti kila mara, hitilafu ile ile leo inaangusha gemu, kesho inaangusha kivinjari.

Lakini RAM si mpya? Mpya, ndiyo. Tazama stika yake: imeandikwa 3600, ndiyo kasi yake. Kiwango rasmi cha DDR4 kinaishia 3200, na RAM nyingi za namna hiyo zikichomekwa mara ya kwanza huwaka kwa 2133, 2400 au 2666. Ile 3600 unaipata ukiingia BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, na kuwasha XMP, mpangilio ambao Intel waliuleta mwaka 2007. Ukiuwasha unaisukuma RAM kupita kiwango, na pamoja nayo sehemu ya prosesa, ubongo wa mashine, inayoiendesha. Mara nyingi inakubali. Sisi tuliuwasha siku ya kwanza, tena kwa mbwembwe.

Kosa letu la pili lilikuwa tamaa. Mpwa alinunua pea moja ya RAM, yaani vipande viwili, baadaye akaongeza ya pili, jina lile lile, namba ile ile. Pea huuzwa ikiwa imepimwa pamoja. Pea mbili hazijawahi kukutana. Isitoshe, vipande vinne vinaielemea prosesa kuliko viwili.

Tuliweka MemTest86 kwenye flashi, tukawashia mashine humo. Programu hiyo inaandika na kusoma RAM yote bila Windows kuwepo, na hapo kosa hata moja ni kufeli. Mistari myekundu ilianza kabla chai haijapoa. Tukazima XMP: usiku kucha, safi. Tukatoa pea moja, iliyobaki tukaichomeka kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo mazabodi nyingi zinavyotaka, kisha tukawasha XMP tena: safi. Tukabadilisha pea, safi vilevile. Kumbe hakuna kipande kibovu hata kimoja, shida ni vinne kwa pamoja juu ya XMP! Tungebadilisha mambo mawili kwa mpigo tusingejua, na pengine tungerudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa.

Si kila kesi ni RAM. Mashine ikizima giza ghafla, bila skrini ya bluu, hasa kadi ya picha inapofanya kazi nzito, angalia pawa saplai: laini ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4. Kwenu umeme ukiyumba hadi taa zinafifia, jaribu kwanza mashine mahali pengine kabla ya kulaumu kipuri. Ikizima baada ya dakika kadhaa za kazi, pima joto. Prosesa inayokaribia nyuzi 100 huenda feni yake haijakaa sawasawa, au plastiki ya kinga haikubanduliwa. (Usicheke, hutokea.) Na ile Kernel-Power 41 kwenye orodha ya matukio ya Windows isikuhangaishe: inasema tu mashine ilizimika bila kuaga, haisemi imeuawa na nini.

Hata ujumbe wa kosa unaweza kukudanganya. Baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa volti iliyozidi, na gemu zikadai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa. Agosti 2024 Intel walitoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS, ila hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Yetu, baada ya kutoa pea ya ziada, ilitulia siku mbili kisha ikaanguka tena. Nilichoka kidogo, halafu nikakumbuka: ile Windows tuliipiga RAM ikiwa bado inakosea, kwa hiyo baadhi ya mafaili yaliandikwa kwenye diski yakiwa yameharibika tayari. Tukaipiga mara ya tatu. Pea ya pili kijana amemuuzia rafiki yake.