Anayeimba si lazima awe ndiye mtunzi

Jijini Nairobi, rumba au benga ya zamani ikipigwa kwenye matatu, wengi huamini kwamba anayeimba ndiye aliyeutunga wimbo. Ni imani ya kueleweka, maana sauti ndiyo inayotufikia kwanza. Lakini katika bendi za dansi mtunzi angeweza kuwa mpiga gitaa, mpuliza saksafoni, au mwanabendi aliyeitikia tu nyuma. Yeye alileta maneno na mahadhi, mwingine akaimba, na vyombo vikapangwa mazoezini.

Ukipata santuri ya inchi 7, kama zile zilizouzwa River Road miaka ya 1970, tazama karatasi ya katikati. Jina kubwa ni la bendi. Lile dogo chini ya jina la wimbo, aghalabu kwenye mabano, ndilo la mtunzi. Nakala nyingi za intaneti huliacha jina hilo, na hapo ndipo watunzi wanapopotea. Inaniuma, kwa sababu sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi watadai vipi haki ya wimbo ambao kila mtu anasema ni wa mwimbaji? Wakati mwingine hata santuri hukosea, kwa hiyo ukiweza linganisha matoleo mawili, ukianza na la mapema.